Siku Nilipomsahihisha Mshenga

Ile sauti ilikuwa yangu. Nimeikana kwa kaka yangu, nimeikana kwa wifi yangu huku nikimtazama machoni, nimeikana kwa majirani wa Magomeni ambao hata hawakuniuliza, na muda wote huo lawama (au niseme sifa, maana baadaye iligeuka sifa) ameibeba bibi kizee wa watu ambaye, wakati sauti inatoka, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kilemba kimemshuka hadi kwenye nyusi. Leo nasema. Mwenyewe hatasoma, miwani yake ni ya kutazamia tamthilia tu.

Kazi yangu ni kuandika makala ambazo watu huziacha katikati, na kwa kuwa makala hazilipi kodi, nafundisha insha. Nina chumba Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la vitambaa vya jumla, na wazazi wa Upanga na Kariakoo huniletea watoto wao wa kidato cha nne na cha sita wakiamini kwamba insha ni kama jino, unampeleka mtoto kwa mtaalamu, linang'olewa, mnarudi nyumbani. Haiwi hivyo. Makosa yao ni yaleyale, darasa baada ya darasa, kiasi kwamba nikichanganya karatasi za mwaka huu na za mwaka juzi nitazitenganisha kwa mwandiko peke yake.

Mwanafunzi anaulizwa aeleze sababu za mafuriko katika jiji la Dar es Salaam, yeye anaanza na kuumbwa kwa dunia. “Tangu enzi na enzi mwanadamu amekuwa akikabiliana na changamoto mbalimbali.” Hiyo sentensi nimeisoma mara nyingi kuliko jina langu. Ukurasa wa kwanza unaisha, mtoto hajafika hata bonde la Jangwani kwenye hayo mafuriko. Ukimuuliza, anakwambia anajenga utangulizi. Hajengi kitu, anajificha. Mtu mwenye jibu mkononi hana haja ya kuzunguka nalo. Anayezunguka ama hajalisoma swali, ama hana la kusema, ama analo na analiogopa. (Hayo nayasema kwa ujasiri mkubwa kila Jumamosi, na mtaona yalivyonirudia.)

Dawa yenyewe si ya ajabu. Nawaambia wapigie mstari neno linalowaamuru, eleza, jadili, linganisha, chochote kile, kisha waandike jibu lao kwa sentensi moja juu ya karatasi kabla ya kuandika kitu kingine, na wakishamaliza insha nzima waifute aya ya kwanza waone kama kuna mtu ataikosa. Mara nyingi hakuna. Wakibisha nafungua dirisha wasikilize spika ya machinga wa pale chini, ile inayojirudia tangu asubuhi, “buku, buku, chagua yoyote buku,” yaani ndala yoyote kwa shilingi elfu moja, nawauliza, huyo ameanza na historia ya ndala? Wanacheka, halafu wanakwenda kuandika tangu enzi na enzi.

Na kwa yule anayesoma insha yake kwa sauti mbele ya wenzake kisha akapotea njia, nina tabia moja ambayo sikuichagua, imenijia tu na umri: napiga meza kwa kiganja na kusema, “Jibu swali!” Meza ile imelegea miguu kwa sababu hiyo.

Sasa, kaka yangu Salum ana binti anaitwa Rukia. Rukia alipitia kwenye hicho chumba changu, dawati la mbele, akafaulu, akasoma uhasibu chuoni, na hukohuko akakutana na Feisal, kijana wa familia moja ya Kiarabu yenye duka la vyombo Kariakoo, sahani, mabeseni, chupa za chai, yaani kama uliwahi kuolewa mjini hapa basi huenda una birika lao. Vijana wakapendana kwa adabu, wakawaambia wakubwa, na Jumapili moja baada ya Alasiri wakubwa wa Feisal wakaja Magomeni kuposa.

Mimi nilitoka Mchafukoge kwa bajaji na furushi la karatasi za mtihani wa majaribio mapajani, nikijidanganya kwamba nitasahihisha nikipata nafasi. Nilikuwa nimesahihisha tangu alfajiri. Hilo nalitaja si kwa kujitetea, ingawa najitetea.

Nyumba ya kaka ni ile ya Kiswahili, sebule mbele, kisha korido, kisha uani. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake koridoni kwenye mkeka, katikati pazia. Nafasi yangu ilikuwa uani, kwenye sambusa, na kama ningebaki huko nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini niliona nikachungulie kidogo tu nisikie posa inavyokwenda, nikavuta mkeka, nikakaa palepale pazia linapogusa sakafu, ubavuni mwa sinia la vikombe vya kahawa. Upande wangu mwingine alikuwa Mama mkubwa Mwanaidi, dada mkubwa wa marehemu mama yetu, ambaye aliomba akae mbele asikose neno na ambaye alisinzia kabla wageni hawajavua viatu.

Kaka Salum akawakaribisha vizuri, sauti nzito ya baba wa binti, halafu akauliza swali. Lilikuwa swali fupi, la wazi, hata mimi ningejivunia kulitunga.

“Wageni wetu, sisi wenyeji tumekaa kusikiliza. Mmekuja na neno gani?”

Aliyejibu alikuwa mshenga wao, Mzee Nassor, mjomba wa Feisal kwa mama, mwenye duka mwenyewe. Akakohoa. Akamshukuru Mungu, akamswalia Mtume, sawa, hapo hakuna mtu wa kumkata maksi. Kisha akasema:

“Mwenyezi Mungu alipomuumba baba yetu Adamu...”

Nikafumba macho. Karibu na mimi wifi yangu Halima akanong'ona, “Mashaallah, anajua kusema.” Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu makosa.

Kutoka kwa Adamu tukapita kwa Hawa, tukaja kwa baba yake Mzee Nassor alipofungua duka wakati Kariakoo bado ina nyumba za chini, tukaambiwa jinsi sahani za zamani zilivyokuwa haziwezi kuvunjika hata ukizikusudia, na za siku hizi je, ukizitazama vibaya zinapasuka, halafu kama alivyotangulia kusema, Adamu hakupenda kukaa peke yake. Mvua. Barabara. Mizigo inavyochelewa bandarini. Kisha kama alivyotangulia kusema. Akasema kijana wao ana tabia njema isiyo na mfano.

“Mfano upo, autoe,” nikanong'ona.

“Wifi,” Halima akanifinya. “Hiyo ndiyo posa. Wanazunguka. Ndiyo heshima yenyewe.”

Na kweli, ndivyo ilivyo, najua. Hakuna mtu anayeingia nyumba ya watu na kusema nipeni binti yenu kama anaagiza chipsi. Unazunguka, unasema umeona ua bustanini, mwenye bustani anajifanya hajui ana ua, mnapendezeshana, mwisho mnafika. Lakini hata kuzunguka kuna namna yake, unazunguka kitu. Mzee Nassor hakuwa amelitaja ua, wala bustani, wala binti. Alikuwa amerudi kwenye sahani. Mtu mmoja sebuleni akajikuna, feni ikalia, yeye akavuta pumzi ndefu, akasema, “Ndugu zangu, tangu enzi na enzi...”

Mkono wangu ukaanguka wenyewe. Kwa bahati mbaya pale hapakuwa na meza, palikuwa na sinia la bati lenye vikombe, na mlio wake nadhani ulifika Mwembechai.

“Swali linauliza mmekuja na neno gani! Jibu swali!”

Feni yenyewe ilisikika kama imeona aibu. Kikombe kimoja kilibingirika chini ya pazia, kikaingia sebuleni taratibu kikiwa peke yake, na kila mwanaume mle ndani (nilioneshwa baadaye jinsi walivyokaa) alikifuata kwa macho hadi kilipokwama kwenye mguu wa kaka yangu.

“Nani huyo?” Kaka Salum akauliza. Aliuliza taratibu, jambo ambalo kwake ni baya zaidi.

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumgeukia, nikamgeukia Mama mkubwa, kichwa kimeegemea ukuta, anakoroma kwa adabu.

“Mama mkubwa,” nikasema. “Anaota.”

Halima alinitazama. Mpaka leo sijasahau yale macho. Lakini alikuwa mama wa binti anayeposwa, angefanya nini? Akaanza kukusanya vikombe.

Kule sebuleni Mzee Nassor akakohoa tena. “Mtu mzima akisema usingizini,” akasema, “si jambo la kupuuza. Tumeambiwa tujibu. Basi ndugu zetu, tunaomba mturuhusu twende tukajipange, tutarudi.” Wakanyanyuka. Wakavaa viatu. Waliondoka bila kusema neno lenyewe walilokuja nalo, na kaka yangu alibaki amesimama mlangoni kama mtu aliyeachwa na basi. “Wamekuja,” akasema, “wamekula, wamemtaja Adamu, wameondoka. Sasa hapa nimeposewa au sijaposewa?”

Kama ningekiri jioni ile, mambo yangekwisha kwa kucheka. Wifi mwenye mdomo ni kitu kinachojulikana, kila ukoo unaye, anaombewa radhi maisha yanaendelea. Lakini nilikuwa nimeleta ndoto, na ndoto haiombewi radhi.

Mama yake Feisal aliposimuliwa, hakusikia utovu wa adabu, alisikia onyo. Akatuma mtu kuuliza, kwa heshima kabisa, bibi aliona nini hasa? Na hapo ndipo Mama mkubwa, ambaye usiku uleule alipoambiwa kuwa amesema alikana katakata (“Mimi? Siku zote nalala kama gogo!”), na kesho yake akaanza kukumbuka kidogo, na kesho kutwa akawa anakumbuka yote, akajibu kwamba aliona maji. Maji mengi. Ya rangi gani, wakauliza. Akafikiri. Ya udongo.

Basi. Kwa mama yake Feisal maji ya udongo ni balaa, hayakuhitaji kufasiriwa. Posa ikasimama. Majirani wakaanza kumletea Mama mkubwa ndoto zao uani, kila mmoja na sukari yake au maandazi, naye akawa anapokea amekaa kwenye kiti cha kaka, kilemba kipya, akisema, “Hebu anza mwanzo, usiruke.” Sijawahi kumwona ana furaha kiasi kile, na hilo nalo likawa sababu yangu ya kunyamaza. Nilikuwa na sababu nyingi. Zote zilikuwa na mpangilio mzuri.

Rukia ndiye aliyekuwa analipa. Feisal akamwambia kwamba mama yake ameanza kumtajataja binti wa jamaa zao Tanga, kwa mbali tu, kama anavyotaja hali ya hewa. Rukia alipungua mpaka mavazi yakaanza kumning'inia, na kazini, alisema Halima, alikuwa anakosea mahesabu ambayo hakuwahi kuyakosea hata akiwa shule.

Siku moja akapanda ngazi za Mchafukoge, darasa limeshatoka, akakaa dawati lake la zamani la mbele.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Chai?”

“Sitaki chai. Shangazi, bibi anaotaje kwa sauti yako?”

Nikapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. “Ndoto, Rukia, ni jambo pana sana. Ukitazama historia...”

“Shangazi.”

“Nasema tu kwamba...”

“Bibi hajawahi kukaa kwenye darasa la insha hata siku moja. ‘Swali linauliza.’ Ameitoa wapi hiyo? Mimi nilikuwa chumbani najipaka wanja, nikasikia lile sinia, nikakaa wima nikidhani sijamaliza kazi yangu ya nyumbani.” Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. “Watamwoza Feisal wangu Tanga, shangazi, kwa sababu ya maji ambayo hakuna mtu aliyeyaona.”

Nikamwambia nitaandika. Kuandika ndiyo kazi yangu, nitamwandikia Mzee Nassor ujumbe, niyaeleze yote. Akasema aandikiwe sasa hivi, yeye hatoki. Nikachukua simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika, mpaka machinga wa chini akabadilisha betri ya spika. Nilipomaliza niliutuma haraka kabla sijaghairi, kisha nikampa Rukia asome, nikikaa kama mwanafunzi anayesubiri karatasi yake.

Alisoma kwa muda mrefu. Ulikuwa ujumbe wa kuteremsha kwa kidole.

“‘Tangu enzi za wazee wetu,’” akasoma kwa sauti, “‘ugeni umekuwa nguzo muhimu ya...’ Shangazi!”

“Huo ni utangulizi.”

“‘Katika shughuli yoyote inayokusanya watu, hutokea sauti zikatokea.’ Zinatokea zenyewe? Hazina mtu?” Akateremsha. “‘Kama nilivyotangulia kusema.’ Hapa umerudia. Hapa umeandika ‘mtafaruku wa kimawasiliano’, ndiyo nini? Na hapa mwisho, unapotakiwa kufunga, umeanzisha habari za afya ya bibi.” Akaniwekea simu mezani, uso juu. “Swali ni nani alisema. Jibu liko wapi?”

Nikausoma upya. Ningekuwa mimi ndiye msahihishaji ningeandika pembeni kwa wino mwekundu, hujajibu swali, rudia. Makosa yote yalikuwamo, hakuna hata moja lililobaki nyumbani, na wala sikuwa mtoto wa kidato cha nne, nilikuwa mwanamke mwenye shahada na mvi. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Nilikuwa naliogopa, basi. Tangu siku hiyo nikiona “tangu enzi na enzi” kwenye karatasi ya mtoto sichori tena mstari kwa hasira, nakaa naye chini, namuuliza anaogopa kusema nini. (Na posa za watu nazisikilizia uani, kwenye sambusa. Hilo nimeliapia.)

Tiki zikawa za bluu. Tukazitazama wote wawili. Kisha simu ikalia, na jina lilikuwa Mzee Nassor.

“Pokea,” Rukia akasema.

Nikapokea, nikaibana sikioni.

“Mwalimu, asalaam alaykum. Nimepata ujumbe wako. Nimeusoma mimi, nikampa mke wangu naye akausoma. Una maneno mazuri sana. Sasa nisaidie. Ile sauti ilikuwa ya nani?”

“Waalaykum salaam, mzee wangu,” nikasema. “Kwanza kabisa, kabla ya yote, ningependa...”

Rukia aliinua kiganja, akakiweka juu ya meza yangu. Hakupiga. Alikiweka tu.

“Yangu,” nikasema.

Upande wa pili nikasikia sahani zikipangwa, moja juu ya nyingine.

“Alhamdulillahi,” Mzee Nassor akasema, na sauti ikashuka kama mtu aliyegeukia ukutani. “Basi na mimi nikwambie langu, lisitoke. Siku ile jina la binti lilinitoka. Kijana aliniambia, nikalishika, tukaja nalo vizuri mpaka Magomeni, navuka kizingiti, halipo. Sasa utamposaje mtu humjui jina? Nikasema nizunguke, mmojawenu atalitaja. Nimezunguka kwa Adamu, nimezunguka kwa sahani, watu wa nyumba ile kimya! Ulipopiga lile sinia ukaniokoa. Nilipoambiwa ndoto, nikaishika ndoto nikatoka nayo.”

“Kumbe,” nikasema.

“Kumbe ndiyo. Haya ya maji niachie, mama yake Feisal ni dada yangu, najua pa kumshika. Ijumaa tunarudi, na nitakuwa mfupi mpaka mshangae. La sauti libaki kati yetu, na langu libaki hapohapo. Ila kuna jambo moja, mwalimu.”

“Naam, mzee.”

“Mpaka leo sijalijua. Kumuuliza kijana naona haya, na nyumbani wote wanamwita yule wa Magomeni. Anaitwa nani?”

Yalikuwepo mengi ya kusema hapo. Jina lile tulimpa kwa bibi yake mzaa baba, siku alipozaliwa mvua ilikuwa inanyesha, na kaka Salum alitaka jina lingine kabisa.

“Rukia,” nikasema.

“Abee,” akaitika Rukia.